Usiutupe Mche Uliokufa Kabla ya Kutazama Mzizi

Msimu ukiharibika, wengi wetu hulaumu mbegu au dawa ya dukani. Wakati mwingine ni kweli. Lakini katika bustani nyingi za uani nilizozipitia Dar es Salaam, jibu lilikuwa mizizini, na mwenye bustani ameshalitupa jalalani bila kulitazama.

Basi chimbua mche taratibu, usiuvute, kisha osha mizizi kwenye ndoo. Ukikuta imevimba vinundu vinundu, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo midogo sana inayoshambulia mizizi, ambayo huupenda sana udongo wetu wa kichanga. (Kunde pia zina vinundu, ila vyake hubanduka kirahisi kwa kidole na ndani ni vya waridi. Hivyo vina faida, viache.) Hapo usirudishe nyanya, bamia wala bilinganya. Changanya mboji nyingi, au panda maua ya tagetesi (marigold) tuta zima kwa miezi mitatu hivi.

Mizizi ikiwa safi, na mche ulinyauka ghafla majani yakiwa bado mabichi, tafuta glasi ya maji safi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kirefu kama kidole, ukishike wima ncha ikizama kidogo tu. Usitikise. Dakika chache zikipita, tazama kama kuna nyuzi nyeupe kama maziwa zinazoshuka polepole kutoka kwenye shina. Zikiwepo, huo ni mnyauko bakteria. Kabla sijakijua kipimo hiki nilimshauri mama mmoja anunue dawa ya ukungu, akapulizia mara mbili, na nyanya zikafa zote. Fedha yake ilipotea kwa neno langu, na bado inaniuma.

Mnyauko huu hauna dawa. Choma miche, osha jembe, zuia maji ya tuta hilo yasitiririkie mengine, na kwa miaka kadhaa usipande hapo nyanya, pilipili, bilinganya, nyanya chungu wala viazi mviringo. Mahindi au vitunguu vitafaa.

Mche ulikuwa mzima ila nyanya zikaoza kitako, pakawa peusi pakavu kama ngozi? Huo si ugonjwa, usinunue dawa. Kalsiamu hufika kwenye tunda kwa kubebwa na maji, nawe leo unamwaga ndoo mbili, kisha siku nne hakuna kitu. Mwagilia kidogo kidogo bila kuruka, weka matandazo ya nyasi kavu, na onja maji ya kisima chako: yakiwa na chumvi, tatizo huzidi.

Maua yaliyopukutika Januari na Februari yameshindwa na joto, hasa la usiku. Kwa pwani, sia mbegu za nyanya Mei ili maua yakutane na baridi ya Julai. Na kama ukuta wa jirani unakuachia jua chini ya saa 6 kwa siku, sehemu hiyo ipe mchicha au chainizi, nyanya uzihamishie kwenye jua.