Kupasua na Kukausha Mbao za Switigamu Bila Kuziacha Zijisokote

Mswitigamu, ambao jina lake la kitaalamu ni Liquidambar styraciflua, asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, Meksiko na sehemu za Amerika ya Kati, na wapasuaji wengi huukwepa kwa sababu mbao zake hujipinda. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini siyo sababu ya kuutupa mti wenye mbao nzuri kiasi hiki. Nyuzi zake zimepishana: kwa miaka kadhaa hukua zikiuzunguka mti kuelekea upande mmoja, kisha hugeuka na kuelekea upande wa pili, na ndiyo maana ubao unapokauka kila tabaka huvuta kwake. Ubao ulioachwa huru katika wiki za mwanzo utajisokota, na ulionyooshwa kwa randa baadaye utakuwa mwembamba mno usifae kazi. Ubao uliobanwa tangu siku ulipotoka kwenye msumeno una nafasi kubwa ya kukauka ukiwa umenyooka.

Hatua ya kwanza: gogo

Chagua shina lililosimama wima, kwa kuwa mti ulioinama huwa umejijengea msongo upande mmoja, na msongo huo hujitokeza mara tu msumeno unapoingia. Tazama pia gome. Ikiwa mifereji yake inazunguka shina kama uzi wa parafujo, gogo hilo lipasulie matumizi ya vipande vifupi. Paka nta kwenye ncha zote mbili siku ileile mti unapokatwa. Usiliache gogo likae, hasa wakati wa joto, kwa sababu sehemu nyeupe inayouzunguka moyo, yaani mbao nyekundu za ndani ya shina, hushambuliwa haraka na kuvu wanaoacha madoa ya rangi ya buluu.

Hatua ya pili: kupasua

Switigamu mbichi inapokauka kabisa, husinyaa takriban asilimia 10.2 kwa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji, lakini asilimia 5.3 tu kutoka kwenye kiini, yaani kitovu cha pete hizo, kwenda kwenye gome. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza mkono wako. Ubao wa sentimita 30 uliopasuliwa bapa, yaani pete zikiwa zimelala sambamba na uso wake, utapoteza zaidi ya sentimita 2 za upana utakapofikia unyevu wa asilimia 8. Uliopasuliwa kwa robo, yaani pete zikiwa zimesimama, utapoteza kama sentimita 1.2 tu. Kupasua kwa robo kunachukua muda zaidi na kunapoteza mbao kiasi, lakini kwa mti huu mimi sioni hasara hapo, kwani kunaleta pia ile milia inayong'aa ambayo mafundi wa samani huitafuta.

Kiini chenyewe kiache ndani ya boriti moja ya katikati, ya sentimita 10 kwa 10 au zaidi, wala usikiruhusu kuingia kwenye ubao, maana utapasuka. Ukitaka ubao wa milimita 25 uliokwisha kupigwa randa, pasua milimita 30. Geuza gogo mara kwa mara ili msongo upungue pande zote kwa usawa.

Hatua ya tatu: kupanga na kubana

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu. Panga mbao siku ileile ya kupasua, mahali penye kivuli na upepo, juu ya msingi ulioinuka kama sentimita 40 kutoka ardhini. Msingi upimwe kwa timazi ya maji, kwa sababu mbao zitachukua umbo la kile kilicho chini yake. Fito za kutenganishia mbao ziwe kavu, zenye unene sawa wa milimita 20 hadi 25, na zipangwe kila baada ya sentimita 30, ufito wa juu ukikaa wima juu ya ufito wa chini hadi kwenye boriti ya msingi. Ufito mmoja ukihama pembeni hata kwa kiganja, ubao ulio chini yake utapinda mahali hapo.

Juu ya rundo weka uzito. Mimi huweka kama kilo 250 za matofali ya zege kwa kila mita ya mraba, na siyo kwa kuzidisha. Mwaka wangu wa kwanza niliweka mabati tu juu ya rundo. Baada ya wiki chache niliutoa ubao wa juu kabisa, wenye urefu wa mita mbili na nusu, nikaulaza sakafuni: pembe tatu ziligusa sakafu na ya nne ilikuwa juu kiasi cha kupitisha ngumi. Ubao wa gogo hilohilo uliokuwa tabaka la chini kabisa, ukiwa umekandamizwa na wenzake wote, ulilala chini pasipo kuacha nafasi ya kupitisha karatasi.

Hatua ya nne: kupima unyevu

Kata kipande cha mfano, mbali na ncha ya ubao, ukipime uzito, kisha ukikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usipungue tena. Toa uzito mkavu kutoka ule wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande cha moyo cha gramu 500 kikibaki na gramu 280, kilikuwa na unyevu wa asilimia 79, ambao ni wa kawaida kwa moyo wa mti huu. Sehemu nyeupe huweza kufika asilimia 137, kwa kuwa uzito wa maji yaliyomo unazidi uzito wa mbao kavu yenyewe.

Mbao zikishuka chini ya asilimia 20 zihamishie ndani au kwenye tanuri, zikiwa bado zimebanwa. Katika chumba chenye unyevu wa hewa wa asilimia 50, mbao hutulia karibu na asilimia 9.

Maswali na majibu

Swali: Mwalimu, je, naweza kuchanganya mbao nyekundu za moyo na zile nyeupe katika rundo moja?

Jibu: Kwa upepo wa kawaida unaweza, ingawa nyeupe zitakauka mapema. Kwenye tanuri zitenganishe, ndugu yangu. Moyo hutoa maji polepole na ukiharakishwa hupata nyufa za juu, na wakati mwingine matundu ya ndani ambayo hutayaona hadi utakapokata ubao. Mbao nyeupe, kinyume chake, zinahitaji upepo wa haraka ili zisipate madoa.

Swali: Nina mbao zilizokwisha kujisokota. Je, nikiziwekea uzito sasa zitanyooka?

Jibu: Zikiwa zimekauka, hapana, zitalala chini ya uzito na kurudi zilivyokuwa ukiuondoa. Zikate vipande vifupi na vyembamba kwa upana kabla ya kuzipiga randa, kwa sababu msokoto wa mita mbili na nusu ukigawanywa katika vipande vitano huwa mdogo katika kila kimoja.

Swali: Nataka kutengeneza meza ya nje kwa kipande cha unene wa sentimita 7. Ushauri wako ni upi?

Jibu: Ningekusihi uchague mti mwingine. Switigamu haistahimili kuoza inapolowa mara kwa mara, na kwa unene huo moyo wake huhitaji miaka kukauka bila kupasuka ndani. Ukilazimika kuwa na uso mnene, gundisha mbao mbili za milimita 30 zilizokwisha kukauka, kisha meza hiyo uiweke ndani.