Somo: Kudarizi herufi kama wasichana wa zamani wa Uingereza

Zamani huko Uingereza, msichana mdogo alipewa kitani, sindano na uzi, akadarizi alfabeti, tarakimu, jina lake na umri wake. Halikuwa pambo tu. Mashuka yalitiwa herufi na namba kwa uzi ili yasipotee kwenye kufuliwa, na aliyetarajia kazi za ndani ilimbidi aijue alama hiyo.

Leo tunafuata mtindo wa Elizabeth Parker wa Sussex, aliyezaliwa 1813: uzi mwekundu peke yake, bila ua wala ndege.

1. Tafuta kitani ambacho nyuzi zake unaweza kuzihesabu kwa macho. Kitenge hakifai, kimefumwa kwa kubana mno. Kunja pindo na ulishone kwanza.

2. Kata uzi usiozidi sm 45, ukirefuka unajisokota. Usifunge fundo. Acha mkia nyuma, mishono ya kwanza iukanyage.

3. Hapa ndipo penye kazi. Toa sindano chini kushoto, hesabu nyuzi mbili kulia na mbili juu, ichome hapo. Itoe tena chini kulia, ichome juu kushoto. Huo ni msalaba mmoja. Mkono wa juu wa kila msalaba ulale upande uleule. Mmoja ukigeuka, mwanga unaukamata na jicho haliondoki hapo.

4. Anza na L: misalaba saba kwenda juu, minne kwa mlalo. Herufi yote ni nyuzi 14 kwa urefu. B yangu ya kwanza niliifumua mara tatu kwa uzi mmoja nilioruka, kwa hiyo hesabu kabla ya kuchoma.

5. Ukimaliza, pitisha mkia chini ya mishono ya nyuma, ukate.

MASWALI

*Dada, mbona vitambaa vingi vya herufi vya karne ya 17 havina J wala U?*
Alfabeti yao ilikuwa na herufi 24. I ilisimama pia badala ya J, na V badala ya U.

*Kitani huku kwetu ni ghali. Pamba je?*
Pamba inafaa kabisa, mradi nyuzi za marefu na mapana zilingane.

*Cha zamani kabisa ni kipi?*
Kwa Uingereza, chenye tarehe ya mapema zaidi ni cha Jane Bostocke, 1598. Kipo Makumbusho ya Victoria and Albert, London, na cha Elizabeth kipo hukohuko.

*Huyo Elizabeth alidarizi nini?*
Maisha yake. Anaanza kwa kusema hajui kuandika, ndiyo maana anayaweka pale. Anasimulia ukatili wa bwana aliyemtumikia na jinsi alivyotaka kujiua. Anauliza roho yake itakuwaje, sentensi inakatika, chini yake kitani kitupu.

*Maskini! Alijiua?*
Hapana, mpenzi. Alikuja kuwa mwalimu wa shule kijijini kwao Ashburnham, akafariki 1889.