Jinsi ya kujitambulisha kwa wapenzi wenzio wa hadithi za kutisha

Kuna kaka mmoja aliingia kwenye grupu letu la kusoma hadithi za kutisha akaandika "Habari zenu wakuu, niko Mbeya, napenda kusoma, naomba ushirikiano wenu". Akajibiwa karibu, karibu sana mkuu, stika mbili za kupeana mikono, basi, kimya. Mwezi mzima baadae ndo nakuja kugundua huyu mtu kasoma vitabu vingi kuliko nusu ya grupu, ila hakuna aliyejua amuulize nini, manake hakutupa pa kushika. Iliniuma kwa kweli, ndo sababu ya kuandika hii.

Cha kwanza kabisa, anza na unachoogopa. Sio unachopenda, unachoogopa. Wote humo ndani tunapenda kusoma, hiyo haitwambii kitu, lakini kila mtu ana kitu chake kinachomfanya aamke kuhakikisha mlango umefungwa. Angalia alivyoandika dada mmoja wa Tanga siku yake ya kwanza:

"Shikamooni wakubwa, wengine mambo zenu. Mi kinachonitisha ni kuitwa jina usiku. Bibi alitufundisha ukisikia unaitwa umelala usiitike mpaka uitwe mara ya tatu, manake asiye mtu hafikishi tatu. Sa hivi nna watoto wawili na bado mume wangu akiniita toka sebuleni usiku nasubiri kwanza. Kwa hiyo hadithi zenye sauti ndo zangu, za damu hazinisumbui kabisa."

Umeona? Jina hajataja, kazi hajataja, lakini unamjua. Siku hiyo hatukulala, kila mtu anaeleza kwao walifundishwaje, huyu anasema kwao hata ya tatu huitiki, yule anasema unaitikia moyoni tu, na watu waliokuwa kimya tangu waingie nao wakaongea. Na toka siku ile mtu akikutana na hadithi yenye sauti nyuma ya ukuta anamtumia yeye kwanza.

Pili, taja aina yako kwa jina lake. Ukisema tu "napenda za kutisha" ni kama kuingia kwa mama ntilie useme unataka chakula. Lugha yetu ina majina ya vitu hivi mpaka raha, na kila jina ni hadithi tofauti. Mtu wa misukule anataka habari za aliyezikwa, watu wamelia wamemaliza, halafu anaonekana usiku analimishwa shamba la mtu. Mtu wa mizimu anataka ukoo, deni la wazee, kaburi lililosahaulika. Mtu wa wanga, wale wachawi wa usiku, anataka kijiji na mlango unaogongwa saa nane. Wa chunusi anataka maji, yule wa kukuvuta mguu unaogelea. Halafu kuna majini, vibwengo, mazimwi, na kuna wale ambao hawataki kiumbe chochote, wanataka binadamu tu, jirani mpole mwenye ufunguo wa ziada (mimi niko hapo, na naamini ndo za kutisha kuliko zote, tutabishana siku nyingine). Sema uko wapi. Kama hujui, sema hujui, tutakujaribia.

Unaweza pia kusema unapenda hadithi iwe na umbo gani. Mfano riwaya ya Dracula ya mwaka 1897 imeandikwa yote kwa barua, shajara na vipande vya magazeti, unasoma kama umefungua droo ya mtu. Kuna watu humo hawajali ni jini au ni muuaji, wao wanataka tu karatasi za mtu aliyeona. Hiyo nayo ni ladha, itaje.

Kitabu taja kimoja. Nakuomba. Orodha ya kumi hakuna anayeisoma. Taja kimoja na useme ulikuwa wapi ulipokisoma na ni sehemu gani ilikufanya ukifunge, bila kutuharibia mwisho. Na uwe mkweli kitabu kilikugusaje. Mfano wengi wakiingia wanataja Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960, kwa sababu ya jina, wakati ile ni riwaya ya upelelezi, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Sio kosa kuitaja, ila tueleze kama kilichokushika ni ule uzito wa mzimu au ni ile hamu ya kujua nani kaua, manake majibu mawili hayo yatakupeleka kwa wasomaji wawili tofauti. Au kama Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ile ya 2001, babu aliyekufa anamrudia mjukuu wake ambaye ni kigogo. Kuna anayeogopa babu, kuna anayeogopa ukigogo.

Kama we ni mdogo usijifiche. Mary Shelley alianza kuandika Frankenstein mwaka 1816 akiwa na miaka 18, kule Uswisi, mvua haikatiki, yeye na wenzake wamejifungia ndani wakashindana nani atatunga hadithi ya kutisha. Kitabu kikatoka 1818, yeye ana miaka 20. Kwa hiyo fomu siksi ukija na woga wako tunakusikiliza vizuri tu.

Hapa sasa naomba utulie unisome taratibu. Sema mapema usichoweza kusoma. Mi nilipofiwa na mtoto wa dada yangu sikuweza kabisa hadithi yenye mtoto na jeneza, na mtu akaitupia grupuni asubuhi bila onyo nikiwa kwenye daladala. Hakuwa na kosa, hakujua. Sentensi moja tu inatosha, "naombeni mniambie kabla kama kuna mtoto anakufa", hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Na ukitaka kujitambulisha kwa kisa cha kweli, leta cha kwako, na jirani muache nje. Usitaje bibi wa mtaa fulani, usitaje mwenye duka. Nasema hivi kwa sababu Kanda ya Ziwa kuna vikongwe waliouawa kwa kuitwa wachawi, eti macho mekundu, na macho yale ni moshi wa kupikia miaka hamsini. Na mwaka 1995 Zanzibar, kipindi cha popobawa, lile pepo lililosemwa linavamia watu usiku vitandani, watu walikuwa wanalala nje kwa makundi, na kuna mtu aliuawa na umati kwa kudhaniwa ndiye. Sisi tunachezea hofu ya kwenye karatasi. Ikishapata jina la mtu na mtaa anaoishi sio hadithi tena.

Hayo mengine haraka haraka. Andika kwa maandishi, sio voisi noti ya dakika sita, watu wako kazini. Usiombe pdf siku ya kwanza, wengi wa waandishi wetu wanauza sehemu kwa sehemu kwenye simu hizi hizi na wengine wamo humo humo wanakusoma. Usimcheke anayeamini majini yapo, wala anayesema hayapo. Salimia wakubwa. Na malizia na swali, swali la kweli unalotaka jibu lake, maana swali ndo linampa mtu pa kuanzia.

Yule kaka wa Mbeya nilimfata inbox nikamuomba aandike upya. Alisita siku mbili, halafu akaandika kwamba anaogopa abiria wa siti ya nyuma, kwamba amefanya kazi ya ukondakta miaka minne na kila safari ya usiku alikuwa akihesabu vichwa mara mbili, na kuna usiku mmoja hesabu ilizidi. Akamalizia, "Kuna anayejua hadithi ya Kiswahili inayotokea ndani ya basi la usiku, mwanzo mpaka mwisho?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Sa hivi tuko watatu tunaiandika, na yeye ndo anatusahihisha mambo ya basi.