Farasi wa gundi: namna ya kuijua supakaa ya kweli kabla hujatoa pesa

Yakhe, mwezi uliopita binamu yangu kanipigia simu usiku yuko Amani, sauti juu, "njoo uone Ferrari, jamaa anaitupa bei." Nikaenda. Gari nyekundu, farasi mweusi kwenye ngao ya manjano, watoto washaizunguka wanapiga picha. Kwenye rangi sina neno, fundi kazi aliijua.

Sasa nembo iangalie mwisho kabisa. Farasi, ngao ya Porsche, fahali wa Lamborghini (utadhani mchezo wa ng'ombe kule Pemba), zote zinauzwa mtandaoni na zinashika kwa gundi hata kwenye Vitz. Anza na namba ya chasisi. Supakaa za Ulaya za kuanzia miaka ya 80 namba yake ina herufi na tarakimu 17, na tatu za mwanzo ndo zinamtaja aliyeiunda: ZFF Ferrari, ZHW Lamborghini za karibuni, SBM McLaren wa Uingereza, WP0 Porsche. Hiyo ya Porsche mwisho ni sifuri, sio O, maana kwenye namba hizi I, O na Q hazitumiki zisije zikachanganywa na 1 na 0, kwa hiyo ukikuta O ujue kuna mtu kajiandikia mwenyewe.

Usiisome kwenye kadi ya gari ukaridhika. Washa tochi ya simu, tafuta ile iliyogongwa kwenye bodi, pitisha kidole pembeni yake taratibu, ukihisi mstari wa welding au rangi nene kuliko kwengine basi rudi zako nyumbani. Halafu linganisha na kadi, moja moja.

Ile ya Amani haikufika hata 17. Ilianza SW20, kistari, kisha tarakimu, kama gari zetu zote hizi zinazotoka Japani. SW20 ni Toyota MR2!

Na usidanganyike ati kwa sababu injini iko nyuma ya dereva. MR2 nayo ipo huko huko, ndo maana wanaoigiza Ferrari F355 wanaipenda. Wewe fungua kifuniko uhesabu silinda: MR2 ina 4 na injini imekaa kwa upana wa gari, F355 ni V8, yaani silinda 8, imekaa kwa urefu. Ikiwa kuna plastiki imefunika, mwambie aitoe, akikataa ushapata jibu.

MR2 yenyewe gari nzuri mie naipenda, na mafundi wetu Toyota wanaijua kuliko chochote, shida ni kulipia bei ya Maranello, kwao Ferrari.

Tukamuuliza muuzaji, hii SW20 ndo nini? Akasema ni modeli ya Ferrari ya Japani. Binamu kimyaa, kisha kamuuliza, "Na ukimtoa farasi, unauza ngapi?"