Namna ya kupima mrundikano wa watu katika kaunti kubwa za nchi

Katika sensa ya 2020 Marekani ilikuwa na kaunti 3,143, na zaidi ya nusu ya wakazi wake waliishi katika kaunti 145 hivi, yaani chini ya 5% ya kaunti zote. Kenya ina kaunti 47, na nusu ya watu wake wamo katika kaunti 14. Takwimu za aina hii hupendwa sana na waandishi wa habari na wapangaji wa mipango, na mtu yeyote mwenye jedwali la sensa anaweza kuzipata mwenyewe kwa muda wa nusu saa. Hesabu yenyewe ni kujumlisha na kugawanya tu. Kinachowaangusha wengi ni mipaka: mstari wa kaunti ukichorwa mahali pengine, jibu hubadilika ijapokuwa hakuna mtu aliyehama.

Anza na sensa ya Kenya ya 2019, kwa sababu mistari 47 unaweza kuikagua yote kwa macho kabla ya kuingia kwenye jedwali la maelfu.

Fungua lahajedwali. Safu ya A weka majina ya kaunti na safu ya B idadi ya watu, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 48. Mstari wa 49 ni wa jumla: andika =SUM(B2:B48), kisha ulinganishe na jumla iliyotangazwa, 47,564,296. Lazima zilingane hadi mtu wa mwisho. Ukikuta umepungukiwa na watu 1,524, kosa liko wazi: umejumlisha wanaume 23,548,056 na wanawake 24,014,716, ukawaacha watu wa jinsi mbili, ambao sensa hiyo iliwahesabu katika safu yao peke yao. Tumia safu ya jumla ya kaunti, usiiunde upya kutoka kwa safu za jinsia.

Sasa panga kuanzia kubwa hadi ndogo kwa safu ya B, ukichagua mistari ya 2 hadi 48 peke yake. Nairobi inapaswa kuwa juu kwa watu 4,397,073, ikifuatwa na Kiambu 2,417,735, Nakuru 2,162,202, Kakamega 1,867,579 na Bungoma 1,670,570. Ikitokea Siaya ndiyo ya kwanza, programu imezichukua tarakimu kama maneno: 993,183 imeipita 4,397,073 kwa sababu 9 iko mbele ya 4. Ondoa koma zote, geuza seli ziwe za namba, panga tena.

Safu ya C ni mgawo wa kila kaunti: =B2/B$49, uishushe hadi mwisho. Alama ya dola inafunga mstari wa jumla usiteleze. Nairobi itatoka 9.24%. Ikitoka 4.62%, yaani nusu kamili, mstari wa jumla umejumlishwa ndani ya jumla yenyewe. Hili hutokea mno kwa majedwali yaliyopakuliwa, maana mstari wa kwanza huwa ni wa nchi nzima na huonekana kama kaunti nyingine tu.

Safu ya D ni jumla limbikizi, yaani kila mgawo ukiongezwa juu ya yote iliyotangulia. D2 ni =C2, D3 ni =D2+C3, na kuendelea. Hapo ndipo picha inapojitokeza. Kaunti 10 za kwanza, hadi Mombasa, zina watu 19,411,785, sawa na 40.8%. Kaunti ya 13, Kisumu, inakufikisha 48.1%. Ya 14, Kitui, inavuka nusu: 50.5%. Kipimo hiki cha "kaunti ngapi zinatosha kufikisha nusu" ndicho kinachoeleweka haraka na msomaji wa kawaida, na ndicho cha kutanguliza.

Pitia pia wastani. Gawanya jumla kwa 47 upate 1,012,006. Kaunti 18 tu ndizo zilizo juu ya hapo, Murang'a ikiwa ya mwisho kwa watu 1,056,640. 29 ziko chini. Kaunti kubwa zinapouvuta wastani juu namna hiyo, kaunti ya katikati, ile ya 24, inaeleza hali ya kaunti ya kawaida vizuri zaidi kuliko wastani. Marekani pengo hilo ni kubwa mno: wastani wa sensa ya 2020 ni watu 105,456 kwa kaunti, ilhali kaunti ya katikati haifiki 30,000. Huko Los Angeles ina watu 10,014,009, na Loving ya Texas ilihesabiwa watu 64.

Ukitaka namba moja inayobeba jedwali zima, zidisha kila mgawo kwa wenyewe, kisha ujumlishe majibu yote. Nairobi peke yake inachangia 0.0924 × 0.0924, karibu 0.0085. Kaunti zote 47 zingekuwa sawa, jumla ingekuwa 1/47, yaani 0.0213, kadiri jumla yako inavyopanda juu ya hapo, ndivyo watu walivyorundikana. Fanya hesabu kwa desimali. Ukizidisha asilimia kama zilivyo, jibu linatoka mara 10,000 zaidi na halilinganishiki na la mtu mwingine.

Vipimo vyote hivyo havijagusa ardhi. "Kaunti kubwa" kwa watu si "kubwa" kwa eneo, na maneno haya mawili yakichanganywa makala yote huharibika. Marsabit inachukua takriban 12% ya ardhi ya Kenya na ina chini ya 1% ya watu. Nairobi ina karibu 0.12% ya ardhi. Kipimo cha Hoover kinaunganisha mambo hayo mawili: kwa kila kaunti, toa mgawo wa eneo kutoka kwa mgawo wa watu, puuza alama ya kutoa, jumlisha tofauti zote, kisha gawanya kwa mbili. Jibu ni asilimia ya watu ambao wangelazimika kuhama ili msongamano uwe sawa kila kaunti. Nairobi inaingiza tofauti ya pointi 9.12 na Marsabit zaidi ya 11, kila moja kutoka upande wake.

Hata hivyo msongamano wa kaunti ni wastani, na wastani huficha. San Bernardino ya California ina kilomita za mraba kama 52,000 na watu 2,181,654. Kwa hesabu ni watu 42 kwa kilomita ya mraba. Hali hiyo ni nadra sana ndani ya kaunti yenyewe. Wengi wamebanana kwenye pembe ya kusini-magharibi, na sehemu kubwa iliyobaki ni jangwa la Mojave.

Sasa mipaka, ambayo ndiyo kiini cha kazi hii. Jiji la New York limegawanywa katika kaunti tano: Kings 2,736,074, Queens 2,405,464, New York (ndiyo Manhattan) 1,694,251, Bronx 1,472,654 na Richmond 495,747. Kwa mgawanyo huo, kaunti tano kubwa za Marekani ni Los Angeles, Cook, Harris, Maricopa na San Diego, zenye 8.4% ya watu wote 331,449,281. Lichukulie jiji hilo kama kaunti moja ya watu 8,804,190: linapanda hadi nafasi ya pili, San Diego inatoka kwenye tano bora, na mgawo unaruka hadi 10.0%.

Kenya jambo hilo linajitokeza kwa namna yake. Makazi ya Nairobi yamemwagika hadi Ruiru upande wa Kiambu, Ongata Rongai na Kitengela upande wa Kajiado, na Mlolongo upande wa Machakos. Anayelala Ruiru na kufanya kazi katikati ya jiji anahesabiwa Kiambu. Ukiijumlisha Nairobi na majirani hao watatu unapata watu 9,354,580, sawa na 19.7% ya nchi, zaidi ya maradufu ya mgawo wa Nairobi pekee. Toa majibu yote mawili, la kaunti na la jiji pamoja na viunga vyake, na useme wazi lipi ni lipi.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke 5% ya Marekani kando ya 30% ya Kenya (14 kati ya 47) ukadai Wakenya wametawanyika zaidi. Nchi iliyokatwa vipande 3,143 lazima iwe na vipande vingi vidogo mno. Ukiikata Kenya kwa kaunti ndogo, yaani vitengo vya utawala vilivyo ndani ya kila kaunti, badala ya kaunti, asilimia ya vipande vinavyohitajika kufikisha nusu itashuka mara moja.

Kulinganisha miaka kunadai uangalifu wa ziada. Linganisha mgawo badala ya idadi. Kakamega iliongezeka kutoka 1,660,651 mwaka 2009 hadi 1,867,579, lakini mgawo wake ulishuka kutoka 4.30% hadi 3.93%, Nairobi ilipanda kutoka 8.13% hadi 9.24%, na Kiambu kutoka 4.20% hadi 5.08%. Kumbuka kwamba kaunti za Kenya zilitokana na katiba ya 2010, hivyo takwimu za 2009 kwa kaunti zilikusanywa upya kutoka vipande vya utawala wa zamani. Isitoshe, matokeo ya sensa hiyo ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini yalizua mzozo na yakafutwa na serikali. Ukiona Mandera "imepungua" kutoka 1,025,756 hadi 867,457, usiandike kwamba watu wamehama kabla ya kueleza hilo.

Kwa majedwali ya sensa ya Marekani ya 2020, hesabu mistari kwanza. Ikiwa 3,221 badala ya 3,143, manispaa 78 za Puerto Rico zimo ndani. Ziondoe, au uzijumlishe pia kwenye jumla ya nchi. Connecticut nayo, tangu 2022, hutolewa kwa kanda tisa za mipango badala ya kaunti nane za zamani, kwa hiyo mfululizo wake hukatika hapo.

Angalia pia nani alihesabiwa wapi. Kenya ilihesabu watu mahali walipolala usiku wa tarehe 24 Agosti 2019; Marekani huhesabu makazi ya kawaida kufikia tarehe 1 Aprili. Msafiri mmoja anaangukia kaunti tofauti kwa kila utaratibu.

Chini ya jedwali lako andika mstari wa namna hii: "Sensa ya Kenya 2019, kaunti 47 zilizopangwa kwa idadi ya watu, mahali pa kulala usiku wa sensa, kaunti 14 za kwanza zina watu 24,024,605, sawa na 50.5%." Ukikosa kimojawapo cha vipengele hivyo, mwenzako hataweza kurudia hesabu na kufika ulipofika.