Chemchemi ya Moto Shambani: Chukua Joto, Maji Yaache

Mkulima mwenye chemchemi ya moto karibu hushawishika kuyafungulia maji yake mfereji yaingie shambani. Yapimwe kwanza maabara. Maji yaliyokaa kwenye miamba ya moto hubeba chumvi, floridi, madini ya boroni, hata sumu ya aseniki. Boroni ikipita miligramu 1 kwa lita, maharagwe na michungwa huanza kuungua ukingoni mwa majani yaliyokomaa. Dalili hiyo hufanana na ya upungufu wa potasiamu, na mtu huweza kumwaga mbolea msimu mzima bila nafuu.

Unachohitaji ni joto tu. Funga kibadilisha joto: maji ya chemchemi yapite upande mmoja wa bamba la chuma, maji safi upande wa pili, yasichanganyike. Haya safi ndiyo yazunguke kwenye mabomba ya kitalunyumba. Shamba la maua la Oserian, Naivasha nchini Kenya, lilianza kufanya hivi kwa joto la kisima cha mvuke mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kazi kubwa ya joto hilo ni usiku: hewa ikipashwa kidogo unyevu hushuka, majani hayalowi umande, ukungu haupati pa kuota. Kwangu mimi, dawa inayookolewa hapo ina thamani kuliko ukuaji wa haraka unaosifiwa sana.

Joto moja litumike mara kadhaa likishuka. Likiwa nyuzi 80 likaushe mazao, kisha lipashe kitalu, halafu maji ya kuoga (38 hadi 40 yanatosha, 45 huweza kumbabua mtoto), na mwisho bwawa la perege, ambao hukua vizuri kwenye nyuzi 27 hadi 30.

Nunua kibadilisha joto kinachofunguka kwa bolti. Maji yakipoa hugandisha silika (madini magumu kama kioo), na gesi ikitoka huacha chokaa. Mabamba yasiposuguliwa, kitalu hupoa polepole na lawama huangukia pampu.

Bafu likitumia maji ya chemchemi yenyewe, angalia hewa. Gesi yenye harufu ya yai viza ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na ikizidi pua haiinusi tena. Toboa matundu ya hewa usawa wa sakafu na mengine juu, na mtu asishuke peke yake kwenye shimo la valvu.