Piki inagonga? Sikiliza kwanza kabla hujashusha injini

Piki ikianza kugonga hapa Arusha kitu cha kwanza utaambiwa ni "imenoki hiyo chalii, shusha injini". Mimi niliambiwa hivyo hivyo enzi napaki kijiwe cha Sakina, nikakubali fasta bila kuuliza, nikanunua pistoni na ringi na bloku jipya, ikafungwa, tukapiga kiki, na ule mlio ukawa palepale kama vile hatujagusa kitu. Kumbe ilikuwa gasketi ya ekzosi, kile kipete kinachokaa pale bomba linapoingia kwenye hedi (kichwa cha injini), kimeungua, moshi unatoka chu chu chu na ukiusikia kwa mbali ni tapeti kabisa (visukuma valvu). Kipete chenyewe bei yake chai na chapati. Fundi simtaji, tulishamalizana, ila hela ndo haikurudi.

Kwahiyo anza na vitu vya nje. Simamisha piki wima, sio stendi ya pembeni, pima oili, na kwa hizi injini za CG za Kichina (zilizoiga Honda CG 125) kile kijiti cha kupimia unakiingiza tu bila kukikaza ndo kinasoma vizuri, ukikikaza kinakudanganya kuwa oili ipo. Shika bolti za injini kwenye fremu, angalia cheni kama imelegea inachapa kava. Alafu injini ikiwa baridi paka povu la sabuni pale kwenye jointi ya ekzosi, washa, likitoa mapovu au ukiona masizi meusi pembeni umeshapata jibu lako nenda nyumbani. Na kama mlio unakuja ukiwa umebeba mkungu wa ndizi unapanda kilima na gia ya 4, kli kli kli, ukishusha gia unapotea, hapo sio spea, unaibana injini tu, au mafuta mabovu, au kaboni imejaa juu ya pistoni.

Bado inagonga? Chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye injini na mpini ubane sikioni, ila jiangalie na nguo na cheni. Hamisha ncha taratibu kuanzia hedi, bloku, mpaka kava za chini, pale panapokupigia sikio ndo nyumbani kwake.

Mlio mwembamba wa tik tik juu kwenye hedi, wa taratibu kuliko injini yenyewe, hiyo ni tapeti, maana kamshafti (shafti inayofungua valvu) inazunguka mara 1 wakati krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) inazunguka mara 2. Set injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T kwenye magneti (pistoni iko juu kabisa) ikae sawa na roka zote mbili, ile mikono inayobonyeza valvu, ziwe na uhuru. Nafasi ya CG 125 ni 0.08 mm kote kuwili, piki nyingine fuata kitabu chake. Kama huna fila geji (vile vibamba vya kupimia nafasi) wembe wa kawaida una unene wa 0.10 mm hivi, sio sahihi sana lakini ni afadhali kuliko kusema "mkono wangu unajua". Na usikaze mpaka mlio uishe wote, valvu isipokaa vizuri kwenye kiti chake inaungua, tapeti inayolia kidogo ni bora kuliko iliyonyamaza.

Mlio wa kukwaruza kama mnyororo ndani ya ndoo, hasa ukiachia resi, ni taimingi cheni (cheni ya ndani inayozungusha kamshafti), kama ni Boxer au TVS HLX. Lakini CG haina taimingi cheni, kamshafti yake iko chini inaendeshwa na gia alafu pushirodi 2 (vijiti virefu) ndo zinasukuma roka, kwahiyo fundi akikwambia CG yako taimingi cheni imelegea, chukua ufunguo wako uondoke na heshima zako zote.

Mlio unaosikika piki ikiwa frii, ukibana klachi unapotea au unabadilika, uko kwenye hausing ya klachi au beringi ya shafti ya giaboksi, pistoni haihusiki. Kok kok yenye uwazi ikiwa baridi asubuhi, ikipata moto inapungua, na moshi wa bluu nyuma, hapo bloku na pistoni zimelika. Kama ni mzito, gong gong, unazidi ukipiga resi na mzigo, ni konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki), zima hapo hapo usijikaze mpaka kijiweni, inaweza kukatika ikatoboa kesi ukanunua injini nzima.

Kabla hujafungua chochote mwaga oili kwenye beseni safi upitishe sumaku. Vinavyonasa ni chuma, beringi au gia au krenki. Vinavyong'aa ila havinasi ni aluminiamu, mara nyingi pistoni. Vipande vyeusi laini kama kizibo ni klachi pleti. Dakika 5 tu hizo.

Sasa umeshafungua, bloku limetoka. Shika konrodi krenki isizunguke, ivute juu chini. Kucheza pembeni kidogo ni kawaida, wasikutishe, ila juu chini hata ile tk ndogo hapana. Hapo unanunua konrodi na pini yake na beringi yake pamoja, usikubali kununua kimoja kimoja, na krenki ikafungwe kwa presi kisha inyooshwe kwa geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha kupinda). Nimeona krenki inafungwa kwa nyundo na gogo la mgomba nikacheka mpaka machozi, mwenye piki yeye hakucheka, wiki mbili tu beringi zikaanza kulia.

Bloku pitisha kucha ndani kule juu, ukisikia ngazi usiweke ringi mpya peke yake, utarudi. Ringi iingize kwenye bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima nafasi ya ncha zake: mpya huwa kama 0.15 mpaka 0.35 mm, ikifika 0.5 imekwisha. Mimi kama bloku ni la mwanzo nalipeleka kwa wachongaji nanunua pistoni ya oversaizi, zinakuja 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 mm, kuliko kununua bloku la bei chee lenye chuma laini. Nunua pistoni kwanza ndo bloku lichongwe kuifuata, sio kinyume chake.

Dukani nenda na kitu cha zamani mkononi na venia (kipimo cha kushika na taya) mfukoni, usiseme tu "nipe pistoni ya mchina". Pistoni ya CG 125 ina kipenyo cha 56.5 mm, ya CG 150 ni 62, zinafanana sana kwenye boksi. Taimingi cheni soma namba iliyochapwa alafu hesabu pingili, na badilisha na mipira yake ya pembeni na tensheni. Beringi soma namba, kwa mfano 6304 ni tundu 20 mm, nje 52, upana 15, na kama ya zamani imeandikwa C3 chukua C3, imeachiwa nafasi zaidi ndani kwa sababu ya joto. Mangi akikwambia "ni ile ile tu" mwambie asante.

Wakati wa kufunga, klipsi za pini ziwe mpya, ziba mdomo wa kesi kwa kitambaa isije ikadondokea ndani, maandishi ya ringi yatazame juu, midomo yake isipangane, na alama ya IN kwenye pistoni ikae upande wa kabureta. Oili iwe ya pikipiki, imeandikwa JASO MA, ya gari inaweza kuteleza klachi. Kilomita 500 za kwanza hamna mishikaki wala magunia, alafu mwaga ile oili, na ile sumaku pitisha tena.